"Kwa upande wetu kila kitu kipo sawa": nimetukanwa kistaarabu mbele ya kamati nzima

MuuzaDoti
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si baridi, niko Sinza.

Hawa jamaa wa kuunganisha malipo ya mtandaoni, mnawajua. Siwataji. Leo wameniambia mimi, baba wa watoto wawili, mlipa kamisheni mwaminifu: "Mpendwa mteja, kwa upande wetu kila kitu kipo sawa." Wakamalizia na vile vikono vya kuomba 🙏

Kwa upande wao!

Niwape mkanda. Nina duka la vitenge mtandaoni, tovuti ya WordPress na WooCommerce, ile programu yake ya kuendesha duka, mzigo natoa Kariakoo. Asubuhi kaingia mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya kicheni pati. Doti 12, elfu 25 kila moja, laki tatu. Kabonyeza lipa, simu ikamletea kidirisha cha namba ya siri, kaweka, hela ikakatwa. Tovuti yangu ikabaki inazunguka kama feni ya baa, mwisho ikamwambia malipo hayajakamilika, jaribu tena. Mama mtiifu, akajaribu tena. Ikakatwa tena. Akajaribu ya tatu. Laki tisa wakuu! Hela ya kamati! Kwenye tovuti oda zote tatu zinasoma "inasubiri malipo", na dakika 60 zilipoisha WooCommerce ikazifuta na kurudisha doti zangu sokoni kama hakuna kilichotokea.

Saa sita mama kaja nyumbani, maana stoo ni sebuleni kwangu. Hakuja peke yake. Kaja na wanawake kumi na moja na mtoto mmoja aliyeletwa kunikodolea macho tu. Mwenyekiti kakalia gora zangu, kasema haondoki. Nikawapigia jamaa, spika nimewasha ili kamati isikie ninavyohangaika. Yule kijana, sauti ya mtangazaji wa usiku: "Kwa upande wetu kila kitu kipo sawa." Kisha akanitumia na kwa maandishi, nisije nikasahau.

Spika imewashwa! Mwenyekiti akanigeukia taratibu: "Kumbe tatizo ni upande wako."

KondaMstaafu
Nimekaa siti ya dirishani. Tiririka mkuu. Mwenyekiti kashanyanyuka?

MuuzaDoti
Bado. Mke wangu kampikia chai, sasa anaulizia maandazi.

ShangaziWaTegeta
Laki tisa za watu halafu wewe unafungua uzi? Rudisha hela baba.

MuuzaDoti
Shangazi, hela sina! Inalala kwao kwanza, mimi wananihamishia baada ya siku mbili. Kwa kweli ungekuwa wewe umelalia laki tisa ya wenzio, upande wako usingekuwa sawa?

FunguoYaSeva
Pole mkuu. Punguza kelele kidogo. Hela ikishakatwa, wao hutuma majibu kwenye anwani ya tovuti yako. Majibu yasipofika, oda inabaki pale pale. Fungua logi ya seva, lile daftari la nani kagonga tovuti na kajibiwa nini, tafuta maombi ya POST (yale yanayoleta taarifa) yaliyoingia kwenye hiyo anwani muda ule, uniambie namba ya jibu. Ikiwa 403, ulinzi wa seva yako umewafungia mlango. 404, anwani imekosewa. Ikiwa 200 na oda haijasogea, hapo tumbane aliyeandika plagini, kile kiprogramu kinachounganisha duka lako na malipo.

MuuzaDoti
Imeandika 301. Mara tatu.

FunguoYaSeva
Aisee. Wiki hii umebadilisha nini?

MuuzaDoti
Sijagusa kitu.

FunguoYaSeva
Chochote kile.

MuuzaDoti
Niliweka www mbele ya jina. Ipendeze. Dogo wa kuchora bango alisema bila www inaonekana duka la uchochoroni.

FunguoYaSeva
Ndo hapo hapo. Anwani uliyowaandikisha ni ya zamani, haina www. Wakileta majibu, seva yako inawajibu 301, yaani "tumehama, nendeni kule". Kivinjari kinaenda bila kulalamika, ndiyo maana wewe ukifungua duka unaona shwari. Mashine za malipo nyingine haziendi kabisa. Nyingine zinaenda ila POST inageuka GET, ombi la kusoma tu, mzigo unadondoka njiani, zinafika mikono mitupu. Ingia kwenye akaunti yako kwao, weka anwani mpya, jilipe mia tano uone. Oda moja ipitishe kwa mkono, zile mbili omba mama arudishiwe. Na hiyo plagini iwe inawauliza hali ya muamala kabla ya kumwambia mtu ajaribu tena. Hilo ndilo lililomla huyo mama mara tatu.

KondaMstaafu
😂😂😂 Kwa hiyo kwa upande wao kila kitu kilikuwa sawa

MuuzaDoti
SIJASEMA HIVYO. Na hata kama! Mtu anatamkaje maneno yale kamati nzima inasikia? Angesema "tunafuatilia". Tunafuatilia tu, ningemsamehe.

KijanaWaThikaRoad
Huku Kenya na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na tovuti, angalau unapewa namba ujue wa kulaumu. 1032, mteja amekatiza mwenyewe. 1037, simu yake haikupatikana. Shida yangu ni wateja. Mmoja alikuja jana, akafika hadi kulipa, 1032. Akarudi, 1032. Mara ya nne nikampigia, akaniambia "nilikuwa naangalia tu kama inafanya kazi."

ViatuMwanza
Afadhali nyie mna namba. Mimi nilizima kulipia mtandaoni, mtu analipa mzigo ukimfikia. Bodaboda kafika Buzuruga, mteja anasema yuko kikaoni. Kikao cha saa tatu usiku! Nikarudishiwa kiatu kimoja. Kimoja, wakuu. Mpaka leo namuwaza huyo mtu anatembeaje.

KondaMstaafu
Ana mguu mmoja na haki zake. Muuzie kwa nusu bei.

ShangaziWaTegeta
Mnaongea viatu, mie nina hasira na hizo sare. Mchango laki, kitenge elfu 25, fundi elfu 30 na anakushonea kama unamdai. Ukifika ukumbini unakalishwa nyuma ya spika, maharusi unawaona kwenye picha za wenzio.

FunguoYaSeva
MuuzaDoti, umebadilisha ile anwani?

KondaMstaafu
Shangazi usinitoneshe. Mwaka huu nimechangia harusi sita. Mbili zimevunjika kabla hata ya sendofu, na hela haijarudi. Nikiuliza kwenye kundi wananitumia vikono vya kuomba.

FunguoYaSeva
MuuzaDoti?

MuuzaDoti
Subiri kwanza mkuu, hili la michango limenigusa. Desemba nilitoa laki mbili, kadi ya watu wawili. Mimi nikapewa soda ya moto, mke wangu akaambiwa chupa zimeisha. Na ndo kwanza naikumbuka sura: huyu mwenyekiti anayekunywa chai kwenye gora zangu ndiye aliyekuwa mlangoni akikagua kadi. Alituambia tupishe njia, wageni rasmi wanapita.