Boneti ya kaboni ya Starlet: geji inagota 24, na kipande kinatoka na vitundu

Starlet_Utawala

Wakuu, habari za jioni. Nina gari, Toyota Starlet GT toleo la EP82, ambayo nimeitoa viti vya nyuma, mazulia na redio. Kazi yake sasa ni moja tu, kukimbia Athi River siku za treki. Nataka kuitengenezea boneti ya kaboni kwa mikono yangu. Nimeanza na skupu yake kwanza, ule mdomo wa kuingiza hewa juu ya boneti, ili nikikosea niharibu kitambaa kidogo.

Natumia pampu ya mafundi wa friji kunyonya hewa ndani ya mfuko wa nailoni unaofunika kalibu, kitambaa cha gramu 200 tabaka tatu, na resini ya epoksi inayovutwa kwa mpira kupitia chini ya nailoni hiyo. Shida ni kwamba geji inapanda mpaka inchi 24 za zebaki, inagota hapo. Video zote nilizotazama zinasema ifike 29. Nimenunua pampu ya pili, nayo ni 24. Gundi ya pembeni nimeibadilisha mara mbili.

Skupu mbili zimetoka na vitundu kama vya sindano usoni, na kona ya mwisho kavu, haikuguswa na resini kabisa. Nafanya kazi usiku nikitoka kazini, kwenye gereji ya mabati. Naomba msaada, kitambaa kimebaki cha jaribio moja.

Torque254

Hizo pampu za friji ni dhaifu, kaka. Tafuta ya stegi mbili, inayonyonya hewa kwa hatua mbili.

Fundi_wa_Mashua

Ndugu yangu, tafadhali usinunue pampu ya tatu. Hiyo uliyo nayo ni nzima.

Mimi nimeunda mashua za faiba Mombasa miaka mingi kabla sijahamia Syokimau, huku karibu na Nairobi. Pampu yangu kule pwani ilikuwa inafika 29 bila taabu. Nilipoiwasha huku juu ikagota 24 na nusu. Nilimwaga mafuta yake, nikabadilisha sili, nikaifungua mpaka ndani, wiki nzima imepotea. Kisha nikaelewa kwamba geji ile haipimi nguvu ya pampu. Inapima tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyobaki ndani ya mfuko. Pwani hewa ya nje inakandamiza kwa karibu milibari 1,013. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 830 tu. Hata ukitoa hewa yote mpaka chembe ya mwisho, sindano haiwezi kupita 24 na nusu. Wanaorekodi zile video wako karibu na usawa wa bahari. Wewe kwa hapo ulipo umefika mwisho.

Kinachobadilika ni mkandamizo. Boneti ya mita mraba moja na kidogo hubanwa pwani na tani 12 hivi za hewa, huku kwetu kama 10. Zinatosha sana.

Sasa vitundu vyako. Umesema usiku, kwenye mabati. Na huu ni Julai! Epoksi kwenye nyuzi joto 12 inakuwa nzito kama asali ya asubuhi, haitembei. Inakwama njiani, inaanza kushika kabla ya kufika kona ya mwisho, ndiyo maana kona yako ni kavu. Fanya mchana, resini na kalibu vyote viwe nyuzi 25. Mimi huweka kopo la resini ndani ya beseni la maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya, na natazama maji yasiingie hata tone. Hadena, ile dawa ya kukausha resini, pima kwa mizani, usikadirie kwa macho. Ukishachanganya, iache itulie povu lipande. Usichanganye yote kwa pamoja kwenye kopo moja, inajipasha moto yenyewe mpaka inatoa moshi.

Kabla ya kufungua resini, bana mpira, zima pampu, tazama sindano dakika 20. Ikishuka hata kidogo, mfuko unavuja, na hewa hiyo ndiyo itakayokuwa vitundu. Mvujo mara nyingi hukaa pale nailoni ilipokunjwa kwenye kona. Tega sikio, utausikia ukipiga mluzi. Nimewahi kutafuta mmoja saa tatu. Usianze kabla hujaupata.

Na jambo moja nakusihi: boneti ya kwanza itoe kwa faiba ya kioo, kwenye kalibu hiyohiyo, kwa epoksi hiyohiyo. Kitambaa cha kioo ni cha bei nafuu mno ukilinganisha na kaboni, na kinapitisha mwanga, kwa hiyo utaona kila kiputo kilipokaa.

Achieng_Turbo

Fundi amesema vizuri. Naongeza la joto, kwa sababu lilinigharimu boneti nzima. Epoksi iliyokauka kwa ubaridi huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na GT ina turbo na intakula, kipoza hewa cha turbo, chini ya hiyo skupu. Yangu ilipinda nikiwa nimeegesha juani baada ya mizunguko sita. Ikishakauka, iache ndani ya kalibu, ijengee sanduku la plaiwudi na hita, pandisha joto polepole kwa saa kadhaa kufuata karatasi ya resini yako. Pia usitegemee loki ya kawaida peke yake. Weka pini nne na fremu ya ndani. Boneti ikifunguka kwenye mwendo wa 140 inakuja kiooni. Na wakati wa kukata vaa barakoa ya vumbi, mwagia maji, nakuomba.

Starlet_Utawala

Asanteni sana. Mzee, umeniokolea pesa ya pampu. Leo Jumamosi nimefanya kipimo cha dakika 20. Sindano ilishuka kutoka 24 hadi 21. Mvujo ulikuwa kwenye mkunjo wa kona, palepale ulipotaja. Nimeuziba, imekaa 24 bila kutikisika. Nimevuta resini saa saba mchana, beseni la maji ya vuguvugu pembeni, na imefika mwisho wa kitambaa ndani ya dakika tisa. Usiku ule ilichukua zaidi ya nusu saa na haikufika.

Pampu bado inavuma, sijaizima. Nabandua kesho jioni. Dada Achieng, sanduku lako ulitumia hita ya aina gani, ya feni au ya balbu?