Mtaji nimeweka mwingi kuliko mwenzangu, hisa nusu kwa nusu: kodi inakaaje?

Mwanzilishi
Wakuu, habari za kazi. Mimi na rafiki yangu tunasajili kampuni ya kuchapa fulana. Katika kila kumi iliyoingia kwenye akaunti, nane ni zangu, mbili zake. Hisa tumekubaliana 50 kwa 50, kwa sababu yeye ndiye fundi na atashinda pale kila siku. Mimi nina ajira. Sina kinyongo, wazo la kugawana sawa nililitoa mwenyewe. Ila juzi mtu kanishtua: eti ile tofauti inaweza kuhesabiwa kipato chake, akatwe kodi kabla hatujauza fulana hata moja. Ni kweli? Kwenye slipu ya benki niliandika tu "mchango wa kampuni".

Mhasibu
Ndugu, aliyekushtua hajakosea. Hela inayolipia hisa si mapato ya kampuni, kwa hiyo haigusi kodi ya faida. Wewe nawe huwezi kuidai kama matumizi. Inabaki kuwa gharama ya hisa zako hadi siku utakapoziuza.

Shida iko kwa mwenzako. Anayepewa hisa kwa ajili ya kazi yake, nchi nyingi zinamhesabu kama amelipwa ujira, hata kama hajashika senti. Nusu ya kumi ni tano, yeye katoa mbili. Hiyo tatu ndiyo itakayoulizwa.

Ningekuwa mimi, kila mmoja angelipia hisa kwa mbili, halafu sita zako zilizobaki ziwe mkopo wako kwa kampuni. Hapo hakuna aliyepewa cha bure. Mkopo ukirudi, hela uliyokopesha haikatwi kodi. Riba ndiyo kipato chako, na kwa kawaida kampuni inaihesabu kama gharama.

Lakini muandikiane! Niliwahi kukaa na mteja aliyejirudishia hela yake baada ya miaka mitatu. Mkaguzi akaomba mkataba wa mkopo, tukapekua faili zima, hamna. Malipo yote yakahesabiwa gawio, yaani faida anayogawiwa mwenye hisa, akatozwa kodi kwa hela yake mwenyewe. Iliniuma sana, maana ukurasa mmoja tu ungemwokoa.

Mdau wa tatu
Naongezea: kama fundi analeta na mashine yake, ithaminiwe kwa bei ya soko ya siku hiyo. Kuna sheria zinazoona ameiuzia kampuni, hivyo faida yake inaweza kutozwa. Na mkimpa hisa za kazi kidogo kidogo kila mwaka, ulizeni mapema kodi inahesabiwa lini. Marekani, kwa mfano, anayetaka itozwe kwa thamani ya mwanzoni ana siku 30 tu za kuwaarifu watu wa kodi tangu apewe hisa.

Mwanzilishi
Asanteni sana. Mashine anayo, ya kubandika picha kwa joto, hatukuwa hata tumeihesabu. Na slipu yangu je, nimeshachelewa?

Mhasibu
Kama hisa hazijagawiwa rasmi, bado. Kaeni kama wakurugenzi, muandike azimio: kiasi gani ni hisa, kiasi gani ni mkopo, riba na muda wa kulipa. Wote wawili msaini, slipu ibanwe nyuma yake. Tarehe iwe ya siku mnayosaini kweli, usiirudishe nyuma hata siku moja. Na mashine iingie kwenye azimio hilohilo, maana ikihesabiwa upande wake, ile mbili kwa mbili inabadilika.