Mrejesho: ile nguzo ya taa iliyokuwa haizimi

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kichanganuzi changu cha sauti cha ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja), kinachoonyesha masafa ya sauti kwa nguzo za taa, kinawasha nguzo ya kwanza hata chumba kikiwa kimya, na kwa nini ubao mmoja wa amadinda (marimba ya mbao ya Uganda) unawasha nguzo tano.

La kwanza mlilipatia. Maikrofoni yangu ya analojia hutoa volti tuli, takriban 1.25, na hesabu ya FFT (inayogawa sauti katika masafa yake) huiona kama 0 Hz, yaani nguzo ya kwanza. Sasa natoa wastani kwenye sampuli zote 1024 kwanza. Nguzo ilizima papo hapo!

La pili lilinitesa wiki nzima. Kipande cha sauti kilikatwa ghafla kwenye ncha, nguvu ikasambaa kwenye nguzo za jirani. Dirisha la Hann (hesabu inayofifisha sampuli taratibu kuelekea ncha zote mbili) limepunguza nguzo hizo tano hadi tatu.

Kisha nikashusha kasi kutoka sampuli 16,000 hadi 4,000 kwa sekunde (nimeweka kichujio cha kuzuia yaliyozidi 2,000 Hz), hatua kati ya nguzo na nguzo ikatoka 15.6 Hz hadi 3.9. Kusubiri robo sekunde sampuli 1024 zijae si neno.

Jana hapa Jinja mzee mchongaji alikwangua ubao katikati, upande wa chini, akagonga. Kilele kikasogea nguzo moja kushoto, yaani sauti ilishuka. Akakwangua tena, akiitazama taa. Asanteni sana.