Walimu wa Wadogo, Semina ya Juni

ALHAMISI

[18:07] Mama Upendo Katibu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nakumbusha kwa mara ya tatu. Semina ya watoto ya likizo inaanza Jumatatu tarehe 15, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, siku tano. Madarasa ya wakubwa yana walimu. Darasa la wadogo, miaka 3 hadi 5, lina mwalimu mmoja tu na ni mimi. Walioandikishwa mpaka jioni hii ni 52.

[18:08] Mama Upendo Katibu: Nahitaji watu wanne. Naomba majina.

[18:31] Mama Upendo Katibu: Naona 29 mmeshasoma.

[18:33] Baba Eliya: Amen 🙏🏽

[18:33] Mama Upendo Katibu: Baba Eliya nikuandike?

[18:36] Baba Eliya: Kwanza tujue maandazi anapika nani. Kama ni Mama Ima mimi nalinda ndoo siku zote tano bila posho

[18:37] Mama Ima: 😂😂 ndoo ya semina ya mvua ilirudi tupu, mlinzi alikuwa huyu huyu

[18:37] Baba Eliya: Ile ni mvua iliingia

[18:38] Dada Happy Kwaya: 😂😂😂

[18:40] Mama Upendo Katibu: Jamani. Watoto 52.

[18:52] Dada Happy Kwaya: Mama mimi Jumanne na Alhamisi nipo. Jumatatu na Jumatano nina chuo. Nyimbo na michezo naweza, kuwasimulia Neno ndiyo naogopa, wakianza kuuliza maswali sijui nitawajibu nini

[18:54] Mama Upendo Katibu: Asante mwanangu. Nimekuandika. Maswali usiyaogope, ukiwa hujui unawaambia tutamuuliza Mchungaji. Mmoja. Bado watatu.

[19:20] Mama Upendo Katibu: Mwezi wa 9 kwenye sikukuu ya Mikaeli na Watoto tunawapanga mbele waimbe, kila mtu ananyanyua simu apige picha. Wanafundishwa lini, na nani? Nauliza kwa upendo.

[19:26] Mama Ima: Na uji mwaka huu ni wa ulezi au ule wa mchanganyiko? Ule wa mchanganyiko watoto waliuacha

[19:27] Baba Eliya: Ulezi. Ule mwingine hata kuku wa mlinzi waligoma

[19:29] Mama Glory: Ulezi 👍🏽

[19:29] Baba Tumaini: Ulezi

[19:30] Baba Eliya: Baba Tumaini upo! Lile turubai je?

[19:31] Baba Tumaini: Tusianze

[19:34] Mama Upendo Katibu: Kwenye uji mmejibu watu watatu ndani ya dakika nane. Naomba majina ya walimu.

[20:02] Mwl. Mstaafu Baba Rehema: Habari za jioni ndugu zangu. Nimechelewa kuona. Naomba tuangalie hesabu. Shuleni, kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na hao ni wa miaka mitano, wameshajua kukaa na kuomba ruhusa. Wa miaka mitatu ni habari nyingine, hao hata kumi kwa mtu mmoja ni wengi. Kwa hiyo 52 wasiwekwe chumba kimoja. Wa mitatu wawe peke yao, kwenye mikeka, karibu na choo. Hadithi isizidi dakika kumi, kisha wasimame waruke, wachore, warudi. Ukimkalisha mtoto wa miaka minne nusu saa anakusikiliza kwa macho tu. Mimi magoti hayaniruhusu kukaa chini, ila wa miaka mitano nitawachukua Jumatatu hadi Jumatano.

[20:04] Mama Upendo Katibu: Mwalimu Mungu akubariki sana!! Wawili.

[20:05] Mama Upendo Katibu: @Mama Neema wewe ndiye mwalimu wa wadogo miaka yote, mbona kimya? Nimeshakuandika siku zote tano.

[20:41] Baba Eliya: Wazo. Ile kona ya ukumbi tuweke neti wadogo wasitawanyike, kama vifaranga

[20:42] Mama Ima: 😂😂

[20:42] Baba Tumaini: Au turubai

[20:43] Baba Eliya: 🤣🤣🤣 amesema mwenyewe

[21:38] Mama Neema: Mama Upendo, nasoma tangu saa kumi na mbili. Sikujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno yasiyomuumiza mtu. Mwaka jana pia niliandikwa. Nikaandikiwa na wasaidizi watatu, karatasi ilibandikwa mlangoni. Jumanne ile nilibaki peke yangu na watoto 41. Mmoja alikwenda msibani, hilo halina lawama. Mmoja aliitwa jikoni. Wa tatu hakuja, wala hakutuma ujumbe mpaka leo.
Nilikuwa chooni na binti mdogo aliyejiharibia nguo, analia anatetemeka, nambadilisha kwa khanga yangu. Nilipotoka, yule wa fulana ya kijani hayupo. Wakati huo huo geti liko wazi, gari la maji limeingia. Nilikimbia bila viatu mpaka barabara kubwa. Nikamkuta kwenye kijiwe cha bodaboda, wamemkalisha juu ya pikipiki wanampa maji, wanamuuliza jina la mama yake. Wale vijana nawaombea kila siku.
Kwenye kikao cha tathmini nikaambiwa nisimame. Nikaulizwa mbele ya wazazi nilikuwa wapi. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akasema mwalimu huyu aliachwa peke yake. Nilirudi nyumbani nikazikunja manila zote za picha nikaziweka uvunguni.
Wale watoto nawapenda. Sokoni wananiita Mwalimu, wananishika sketi. Sijakataa kufundisha. Ila sitaki kuandikwa bila kuulizwa.

[21:52] Mama Ima: Lakini jamani yale si yaliisha

[21:53] Mama Neema: Kwa nani?

[21:55] Mama Ima: Ujumbe huu ulifutwa

[22:10] Mama Ima: Niliyeitwa jikoni ni mimi. Mnajua. Sikujiita.

[22:14] Baba Tumaini: Usiku mwema wapendwa

IJUMAA

[05:58] Mama Glory: Asubuhi njema. Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote, pole sana Mama Neema 😔 Mimi kufundisha sitaweza, zamu zangu ni za usiku, nikija nitasinzia mbele ya watoto. Ila naomba haya kama nesi. Chooni waende watu wazima wawili, asiende mmoja peke yake na mtoto, inamlinda mtoto na inamlinda mwalimu. Karanga na pipi ngumu zisitolewe kwa wadogo, zinakaba. Shanga na vifungo kwenye kazi za mikono pia hapana, wanaweka puani. Na kwenye fomu ya mzazi iandikwe kama mtoto ana kifafa, pumu, au kitu anachodhurika nacho. Fomu ya mwaka jana haikuuliza.

[06:12] Bibi Tabata: 🎤 Ujumbe wa sauti, dakika 3 na sekunde 48

[06:15] Mama Ima: Bibi shikamoo. Nipo kwenye mwendokasi sisikii, nani anaandika?

[06:44] Dada Happy Kwaya: Naandika kama alivyosema:
"Nimesomewa na mjukuu hayo maneno yenu ya jana, nikalala vibaya. Mimi wadogo nimewafundisha chini ya mwembe, huo ukumbi haujapata paa. Wengine mliomo humu ndani niliwafuta kamasi kwa kitenge changu. Mtoto wa miaka mitatu hafundishwi na mtu aliyesimama mlangoni anahesabu vichwa. Unakaa chini, anakuegemea, anachezea pindo la nguo yako, hapo ndipo anasikia. Zakayo mfupi nilimfundisha kwa kumpandisha mtoto begani kwa baba yake, aone mbali kama aliyepanda mkuyu. Sasa akina baba wako wapi? Wanaongea habari za ndoo.
Hao wadogo mnawapa mtu atakayebaki baada ya kazi zote kupata watu. Mmeanza zamani, mimi nilikuwa nawaangalia tu.
Mama Upendo mwanangu, uji ukiungua unapikwa mwingine. Mama Neema aombwe radhi, na iwe mbele ya macho yale yale yaliyomwona amesimamishwa. Kabla ya hapo asiandikwe popote.
Nimemaliza. Dawa yangu ya macho iko kwa nani?"

[06:45] Baba Tumaini: Shikamoo Bibi

[06:45] Mama Glory: Shikamoo Bibi

[06:47] Mwl. Mstaafu Baba Rehema: Shikamoo Mama.

[06:51] Baba Eliya: Shikamoo Bibi. Nimesikia. Dawa iko kwangu, naileta leo jioni

[08:20] Mama Upendo Katibu: Shikamoo Mama. Nimekusikia.
Mama Neema, aliyemwita Mama Ima jikoni ni mimi. Nilimwambia dakika tano, nikamkalisha saa nzima. Na kwenye kikao mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Nilijua uliachwa peke yako. Sikusema, na sikuandika. Nimekuwa nikikukwepa tangu siku ile, hata zile salamu za Pasaka nilimtuma mtu. Nisamehe dada yangu. Jumapili baada ya ibada, Mchungaji akiniruhusu, nitayasema haya haya mbele ya wazazi.

[08:21] Mama Upendo Katibu: Jina lako nimelitoa kwenye orodha.

[09:03] Baba Eliya: Mimi nasimama getini. Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi na Ijumaa nipo kazini. Gari la maji likija linasubiri nje mpaka saa sita. Na kama kuna wa kupanda begani awe Zakayo, nipo

[09:05] Mama Upendo Katibu: Asante sana Baba Eliya. Ufunguo wa geti uko kwa mzee wa zamu, nani atamwona?

[09:40] Mama Upendo Katibu: Ufunguo jamani.

[11:15] Baba Tumaini: Fomu za wazazi nitachapa mimi kwa gharama yangu, pamoja na hayo ya pumu na kifafa. Nipeni rimu moja tu ya karatasi. Na Jumatano ile ya mwaka jana, aliyetakiwa kwenda kuwashukuru wale vijana wa bodaboda kwa niaba ya kanisa ni mimi. Sikwenda. Nitakwenda kesho.

[12:50] Mama Neema: Asante Mama Upendo. Nimeipokea. Jumapili nitakuwepo ibada ya kwanza.

[12:51] Mama Upendo Katibu: Mungu akubariki 🙏🏽🙏🏽

[13:30] Mama Upendo Katibu: Hali ilivyo sasa. Wa miaka mitano yuko Mwalimu Jumatatu hadi Jumatano. Nyimbo Happy, Jumanne na Alhamisi. Geti Baba Eliya siku tatu. Wa miaka mitatu na minne niko mimi. Jikoni safari hii siingii kabisa, Mama Ima asimamie mwenyewe. Bado nahitaji mtu wa kukaa na wale wa mitatu, na wawili wa kuongozana nao chooni.

[13:58] Mama Ima: Jikoni sawa. Jumanne nikimaliza kugawa uji nakuja darasani, nakaa mpaka mwisho. Siku nyingine sijajua

[16:22] Mama Neema: Nimezitoa manila uvunguni. Safina ya Nuhu imeliwa na panya, twiga hana kichwa. Ile ya mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili iko nzima. Happy ukipita kwangu kesho saa nane njoo na kalamu za rangi na gundi, tumchoree twiga kichwa.

[16:23] Dada Happy Kwaya: Nakuja Mwalimu ❤️

[16:25] Mama Upendo Katibu: Mama Neema kwa hiyo Jumatatu nikuandike? Hata nusu siku?

[17:10] Mama Ima: Sukari ya mwaka jana ilibaki au tununue?

[17:12] Baba Eliya: Ipo kilo kama nne, iko ndani ya ile ndoo

[17:12] Mama Ima: Ndoo ipi 😂

[18:40] Mama Neema: Tuonane Jumapili kwanza.

[18:42] Mama Upendo Katibu: Sawa dada. Nasubiri.

[18:44] Mama Upendo Katibu: Wameongezeka, ni 55 sasa. Alhamisi na Ijumaa getini hakuna mtu. Ufunguo bado. Naomba majina.