Naombeni ushauri: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinamsomea mama 97 asubuhi, 86 jioni. Nishike kipi?

BintiWaMakorora:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hasa madaktari na manesi mliomo humu.

Mama yangu ana miaka 68, tuko naye Tanga. Zamani aliugua TB, akamaliza dozi akapona, lakini kifua hakikurudi kama kilivyokuwa. Wiki hii kakamatwa na kikohozi na homa za jioni. Nikaenda duka la dawa nikanunua kile kipimo cha kubana kidoleni. Jana asubuhi kilisoma 97, roho ikatulia. Jioni 86. Nikakivua, nikakirudisha, 92. Kidole kingine hakikusoma kabisa, vistari vitupu.

Kaka anasema mashine ni feki, niitupe. Jirani anasema tutafute mtungi wa oksijeni tuweke nyumbani. Mama mwenyewe anasema hajambo, ila akitoka msalani anakaa, anashika ukingo wa kitanda, na inapita muda ndiyo anaongea. Nishike lipi?

NesiWaZamu:
Pole sana dada. Kabla ya kukilaumu kifaa: mama kapaka nini kwenye kucha? Mikono yake ni ya baridi? Na ile namba ya pili, iliyoandikwa PR, yaani mapigo ya moyo kwa dakika, ilisoma ngapi?

BintiWaMakorora:
Jumamosi iliyopita tulikuwa na harusi ya mpwa wangu, akapakwa piko kucha zote kumi. Mikono ni ya baridi kweli. PR sikuitazama, nilikuwa naangalia ile ya juu tu.

FundiVifaaTiba:
Basi hapo umeshapata nusu ya jibu. Ndani ya kile kibanio kuna taa mbili, moja nyekundu, nyingine ya infraredi ambayo jicho halioni. Damu iliyoshiba oksijeni inameza infraredi zaidi, iliyopungukiwa inameza nyekundu zaidi. Kifaa kinatazama ule mwanga unaopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, maana hiyo ndiyo damu ya ateri. Kisichopiga, yaani ngozi, mfupa, nyama, kinawekwa kando. Wazo hilo ni la mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya mwanzo ya 1970, na kwangu mimi ni kati ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa hospitalini: unajua hali ya damu bila kumchoma mtu sindano.

Sasa piko ni nyeusi, inameza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Hina nyekundu haisumbui kiasi hicho. Na mkono ukiwa wa baridi, damu haifiki vizuri kwenye ncha, pigo linakuwa dogo, kifaa kinababaika. Piko haitoki leo wala kesho, kwa hiyo geuza kibanio kikae ubavuni mwa kidole, mwanga upite pembeni ya ukucha.

NesiWaZamu:
Nakazia alichosema fundi. Akae dakika tano bila kutembea wala kuongea. Apashe mikono joto kwa kuisugua. Mkono aupumzishe kifuani, usitikisike. Usiandike namba ya kwanza inayotokea, subiri kama dakika moja mpaka itulie. Halafu, na hili wengi hawalifanyi, shika mshipa wa kifundo cha mkono uhesabu mapigo dakika nzima. Yakitofautiana sana na PR, basi na ile ya oksijeni usiiamini.

Umalize kwa kuhesabu pumzi dakika nzima, tazama kifua kinavyopanda, usimwambie unahesabu. Mtu mzima akiwa amepumzika akapita 30, hospitali, hata kipimo kikisema 97.

DktMdogo:
Niongeze jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha vipimo vya kidoleni na damu ya ateri. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea 92 hadi 96, weusi kama 12 katika kila 100 walikuwa chini ya 88 kwenye damu yenyewe. Kwa weupe walikuwa kama 4. Yaani kwenye ngozi nyeusi kifaa kinaweza kuipandisha namba, mgonjwa akaonekana mzima kumbe anazama.

Kwa hiyo dada, hiyo 92 isikupe amani. Mpeleke. Chini ya 90 kwa mtu mwenye kikohozi na homa ni dharura. Mtazame ulimi na ndani ya midomo kama pamebadilika rangi, maana kwenye ngozi yetu nje hapaonyeshi mapema.

Mtungi nyumbani bila daktari hapana. Kuna wagonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambao oksijeni ikizidi inawadhuru, wao tunawalenga 88 hadi 92. Nani yuko kundi gani, anaamua aliyempima.

MamaNjombe:
Huku kwetu milimani wazima wenyewe wanasoma chini kidogo kuliko watu wa pwani. Nyie mko usawa wa bahari, hiyo 86 haina cha kusingizia.

KijanaWaUsagara:
Anapika wapi? Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa una hewa ya sumu inayoshika damu mahali pa oksijeni, na kipimo hiki hakiwezi kutofautisha, kinasoma vizuri kabisa wakati mtu anakufa. Nilimpoteza mtu kwa jiko la mkaa. Tafadhali litoeni nje.

BintiWaMakorora:
Nimerudi kutoa mrejesho, siku ya nne leo. Usiku ule nilifanya kama mlivyosema. Ubavuni mwa kidole, mikono imepata joto, PR 108, nikahesabu kwenye kifundo cha mkono 106. Oksijeni 87, ikatulia palepale. Pumzi 32. Kaka aliposikia nahesabu kwa sauti, mwenyewe akatoka kutafuta gari.

Hospitali wamemkuta na 86, picha ikaonyesha nimonia upande wa kulia. Akawekewa mipira ya puani na dawa za mshipa. Leo asubuhi amekaa bila oksijeni, anasoma 95, na ameniuliza kama nimemwagilia mchicha wake.

Jiko tumelitoa uani. NesiWaZamu, swali moja: akirudi nyumbani nimpime mara ngapi kwa siku?

NesiWaZamu:
Alhamdulillahi. Asubuhi na jioni, na akitoka kutembea kidogo. Andika kwenye daftari: saa, oksijeni, PR, pumzi. Daftari hilo uende nalo kliniki.