Naomba ushauri: fundi anayesema hana la kufundisha

Ndugu zangu, hapa Bagamoyo ninaye baba mkubwa, fundi wa majahazi, ambaye mwezi uliopita alipooza mkono wa kulia ghafla, siku moja tu baada ya kutia kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba) mashua ya jirani. Mimi ni mwalimu mstaafu, lakini ni yeye aliyenifundisha kuutambua ubao uliooza kwa kuugonga na kusikiliza, na kwa nini pamba ya kalafati hutiwa mafuta kabla ya kushindiliwa. Vijana wawili wanataka kujifunza kwake kabla ya msimu wa upepo wa kusi kuanza. Yeye hujibu kwamba hakusoma, hivyo hana la kumfundisha mtu (sikubaliani naye hata kidogo). Je, nimwendee vipi bila kumvunjia heshima, na suala la ada alianzishe nani?