Riverbu ya sinthesaiza inalia kama bati, halafu prosesa inapanda wakati wa kimya

bafa_tupu:
Wakuu habari. Naandika sinthesaiza (ala inayotengeneza sauti kwa umeme) ya programu kwa C++, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde. Riverbu, yaani mwangwi wa ukumbi, ni ya mtindo wa Schroeder: mistari minne ya ucheleweshaji inayokwenda sambamba, sampuli 1000, 1200, 1500 na 2000, mrejesho (sehemu ya sauti inayorudishwa mwanzo wa mstari) 0.9 kwa yote. Nikipiga ngoma ya snea, mkia (mwangwi unaobaki) unalia kama bati na kuna noti karibu na A isiyotaka kuondoka. Tena, kama nusu dakika baada ya kimya, prosesa inapanda ghafla. Nianzie wapi?

mkia_mrefu:
Mkuu, hiyo A inatoka kwenye namba zako. Kila mstari hukuza masafa ya 44,100 ukigawanya kwa urefu wake, pamoja na vigawe vyake. Mistari yote minne ina urefu unaogawanyika kwa 100, kwa hiyo vilele vinakutana 441 Hz, 882, 1323 na kuendelea. Noti ya A ni 440 Hz. Weka namba zisizo na kigawo cha pamoja: 1031, 1213, 1493, 1997.

Mrejesho nao usiwe mmoja. Kwa 0.9, mstari wa 1000 unashuka desibeli 60 kwa sekunde 1.5, wa 2000 kwa sekunde 3, hivyo mwishoni huo mrefu unabaki ukilia peke yake. Kokotoa kila mmoja:

g = 10^(−3 × urefu ÷ (44,100 × sekunde za mkia))

Kwa mkia wa sekunde 2, 1031 inapata 0.922 na 1997 inapata 0.855.

Ukishajumlisha mistari, pitisha sauti kwenye vichujio viwili mfululizo vya kupitisha masafa yote, sampuli 223 na 73, kizidishi 0.7. Hivyo ndivyo vinavyosonganisha miangwi. Bila hivyo snea itasikika punje punje.

sifuri_kamili:
Suala la prosesa ni namba ndogo mno. Mkia hauishi, unazidi kupungua tu mpaka chini ya 1.2 × 10^−38, na hapo prosesa nyingi hukokotoa desimali hizo polepole sana. Mistari yako ya mwanzo inashuka wastani wa desibeli 30 hivi kwa sekunde, nazo zinakufikisha huko baada ya sekunde 25 hivi, ndiyo nusu dakika yako. Washa FTZ na DAZ (mipangilio ya prosesa inayogeuza namba hizo kuwa sifuri) ndani ya uzi wa sauti wenyewe, yaani sehemu ya programu inayokokotoa sauti sambamba na nyingine. Ukiziwasha kwenye uzi wa dirisha hazisaidii, maana kila uzi una mpangilio wake.

bafa_tupu:
A imekwisha, asanteni sana. Ila mkia bado unang'aa mno juu.

mkia_mrefu:
Weka kichujio cha kupunguza masafa ya juu ndani ya kitanzi, kabla ya kuzidisha kwa g (x ni sauti inayoingia, s ni tokeo linalokumbukwa, d ni kiasi cha kupunguza):

s = x × (1 − d) + s × d

Anza na d 0.3. Usiisahau hiyo (1 − d): bila yake masafa ya chini yanazidishwa, kitanzi kinavuka 1 na sauti inalipuka. Na riverbu iwe moja kwa sauti zote, kila chaneli ipeleke humo kiasi chake, kikipangwa na kidhibiti 91 (kiasi cha riverbu) cha MIDI, lugha ya mawasiliano ya ala za kielektroniki.